Mishale kumi iliyonyooka, na mmoja tu uliokwenda mbele

Kijana aliingia karakanani mwangu hapa Njoro Jumamosi asubuhi, upinde begani, mishale kumi ndani ya kipande cha bomba la maji alichokigeuza podo. Akaipanga juu ya meza ya randa, mmoja mmoja, bila haraka. "Fundi, hebu iangalie mwenyewe. Nimeinyoosha kwa makaa wiki mbili nzima. Mingine inakwenda kushoto, mingine kulia, na ni mmoja tu unaonisikia."

Nikachukua mmoja, nikauinua jichoni, nikauzungusha polepole kuelekea dirishani. Ulikuwa umenyooka kama uzi wa timazi. Wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Kazi ya makaa ilikuwa safi: hakuna mahali palipoungua, hakuna kigongo. Ule mmoja aliosema unamsikia ulikuwa mwembamba kuliko wenzake wote, na alinionyesha kwa aibu kidogo, kwa sababu aliukwangua kupita kiasi bila kukusudia na alitaka kuutupa.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona pinde nzuri zikiishia jikoni kama kuni kwa kosa lililokuwa kwenye mishale, na kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kumpa kijana huyu ushauri mbaya.

Upinde wake ni wa mti mmoja, mkole, kipande alichokipata upande wa Marigat. Ameuchonga vizuri, mikono yote miwili ya upinde, wa juu na wa chini, inapinda kwa kiasi kimoja. Niliupima kwa mizani ya kuning'iniza, ya kidijiti, nikauvuta mpaka inchi 27, pale ambapo mkono wake hufika shavuni, na mizani ikasoma kilo 19. Hiyo ni kama ratili 42. Nitatumia ratili humu, ingawa tumeizoea kilo, kwa sababu ugumu wa mshale nao huhesabiwa kwa ratili, na hapo ndipo viwili hivi hulinganishwa. Ugwe, yaani kamba ya upinde, ni uzi wa poliesta wa mafundi viatu, aliousokota na kuupaka nta. Mawano, yaani miti mitupu ya mishale, ni saiprasi, masalio ya mbao za Elburgon. Tangu serikali isimamishe ukataji wa miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018 mpaka marufuku ilipoondolewa 2023, masalio kama hayo nilikuwa nikiyapata kwa shida. Siku hizi yapo. Chembe, yaani ncha ya mshale, ni msumari wa inchi 3 uliokatwa kichwa, ukachomekwa na kufungwa kwa uzi na gundi. Manyoya ni ya bata mzinga. Analenga gunia lililoshindiliwa matambara mbele ya kingo ya udongo, na hilo tu. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya tangu 1977, na hakuja kwangu kwa ajili hiyo.

Tulitoka nje, akapiga mishale kumi kwa hatua 15. Minne au mitano kushoto, mitatu kulia, mmoja katikati, mmoja sikuuona vizuri. Nikamwambia: mishale inapotawanyika pande zote mbili, kosa ni la mkono. Vidole vyako vinaachia ugwe bila utulivu. Nenda ukafanye mazoezi ya kuachia, kwa hatua 5, macho yamefumbwa, mara 50 kwa siku.

Alinitii. Jumamosi iliyofuata alirudi na ncha za vidole zimechubuka, na mishale ilikuwa inafanya yaleyale.

Safari hii alikuja na mdogo wake, msichana wa miaka kumi hivi, ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia kuiokota mishale wakati kaka yake ameuweka upinde chini. Alisimama nyuma yetu, pembeni, karibu na tangi la maji. Baada ya mzunguko wa pili akasema, "Kaka, ule mwembamba haugongi."

"Haugongi nini?"

"Haugongi upinde. Mingine yote inagonga."

Nikamwambia kijana apige tena, mimi nikafumba macho. Kweli. Mishale mingi ilitoa sauti mbili: mlio wa ugwe, na papo hapo mgongano mkavu wa mti kwa mti, ka. Ule mwembamba ulitoa mlio wa ugwe peke yake. Mimi niliyekuwa nimesimama ubavuni mwake, nikiangalia vidole, sikusikia. Mtoto aliyekuwa nyuma bila kutazama chochote ndiye aliyesikia.

Hapo nikafanya kipimo nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza, na ambacho hakihitaji kifaa chochote. Nikaiandika mishale namba, 1 mpaka 10, kwa kalamu ya wino mzito, nikamwambia apige kila mmoja mara tano, nami naandika kwenye ubao ulipoangukia. Mkono ukikosea, hukosea ovyo: mshale uleule huenda kushoto, kisha kulia, kisha katikati. Mshale ukiwa na kasoro, huirudia kasoro yake. Na ndivyo ilivyokuwa. Namba 1, 3 na 8 zilikwenda kulia mara zote tano. Namba 2, 5, 6, 7, 9 na 10 zilikwenda kushoto, kila moja mahali pake, kama zimepangiwa viti. Namba 4, ule mwembamba, uliingia katikati mara nne kati ya tano. Mkono wa kijana ulikuwa sawa tangu mwanzo, na nilimwomba radhi kwa ile wiki ya malengelenge.

Sasa niseme kinachotokea, maana bila kukielewa hata dawa haieleweki.

Mshale hautoki kwenye upinde kama risasi kwenye mtutu. Upinde wa mti mmoja hauna tundu la katikati; mshale hukaa ubavuni mwa mshikio. Kwa mtu wa mkono wa kulia, hukaa upande wa kushoto. Ugwe ukiachiwa, hukimbilia katikati ya upinde, na mkia wa mshale huufuata, huku mshikio ukiusukuma ubavu wa mshale nje. Wano lingekuwa chuma kisichopinda, lingetoka limeelekea kushoto na kubaki huko. Kinachouokoa mshale ni kupinda. Ugwe unausukuma kwa ghafla kutoka nyuma, chembe kizito kinasita mbele, na wano linabinuka: kwanza tumbo linaegemea upinde, kisha linajirudi na kubinukia nje, linauzunguka mshikio, na mkia unapita bila kugusa. Linaendelea kutikisika hewani hivyo, mpaka manyoya yalitulize. Jicho tupu haliwezi kuyaona haya. Mmarekani Clarence Hickman aliyapiga picha kwa kamera ya kasi kubwa katika miaka ya 1930, na mshale unaoonekana kwenye picha hizo unajipinda kama samaki.

Kwa hiyo mshale ulionyooka mkononi ni mwanzo tu. Ukiwa mgumu kuliko nguvu ya upinde wake, haupindi vya kutosha na unatoka kushoto. Ukiwa laini mno, unapinda kupita kiasi na unakwenda kulia. Kwa mtu wa mkono wa kushoto, geuza yote haya. Na kadiri mshikio unavyokuwa mpana, ndivyo mshale unavyokaa mbali na katikati, na ndivyo unavyohitaji kuwa laini zaidi ili uweze kuuzunguka. Mshikio wa kijana huyu una milimita 34. Zaidi ya hapo, alikuwa amebandika ngozi ya mbuzi yenye unene wa milimita 4 pale mshale unapopita. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba alitaka kutuliza ile sauti ya kugonga. Kumbe yeye mwenyewe aliisikia siku nyingi! Aliichukulia kuwa kelele tu, akaifunika, na kwa kuifunika akausukuma mshale nje zaidi.

Lakini kushoto na kulia kwa mkupuo mmoja, je? Ikiwa mishale ni migumu, kwa nini mitatu inakwenda kulia, kama iliyo laini?

Tukaipima. Kifaa nilikitengeneza saa hiyohiyo: ubao, misumari miwili iliyopigwa kwa umbali wa inchi 26, yaani milimita 660, mshale ukalazwa juu yake, na katikati nikauning'iniza uzito wa ratili 2. Uzito wenyewe ulikuwa chupa ya plastiki niliyoijaza maji kidogo kidogo mpaka mizani ya jikoni iliposoma gramu 907 pamoja na ndoano yake. Nyuma yake rula ya chuma imesimamishwa. Unasoma wano lilipo kabla ya kuning'iniza, unaning'iniza, unasoma tena. Gawanya 660 kwa milimita lilizozama, na jibu ni ugumu wa mshale kwa ratili. Mshale unaozama milimita 15 una ugumu wa 44. Unaozama 22 una 30.

Kijana alisoma, mdogo wake akaandika. Namba 8 ilizama milimita 9, ambayo ni ratili 73. Namba 1 ilizama 9.5, namba 3 ikazama 10. Hizo tatu ndizo zilizokwenda kulia. Kundi la kushoto lilianza na namba 10, iliyozama 11, likashuka kupitia 5, 2 na 6 mpaka namba 9, iliyozama 14, sawa na ratili 47. Namba 4 ilizama 19, ratili 35. Na namba 7, iliyokuwa ikienda kushoto kama ndugu zake, ilizama 18, jirani kabisa na namba 4. Hiyo ilinisumbua, nikaiweka kando.

Angalia upana wa tofauti: kutoka 35 mpaka 73 katika mishale kumi ya mtu mmoja, mti mmoja, upinde mmoja wa ratili 42. Kwa macho ilifanana. Nilipopima unene kwa kalipa, mwembamba ulikuwa milimita 9.2 na mnene 11. Haifiki hata milimita 2. Lakini ugumu wa mti wa mviringo haupandi sambamba na unene. Hupanda kwa kipeo cha nne. Ukipunguza wano kutoka milimita 10 hadi 9.3, umeondoa robo ya ugumu wake. Ukilipunguza kutoka 11 hadi 9.3, umeondoa karibu nusu. Ndiyo maana anayechonga mawano kwa kukadiria kwa vidole hapati mishale kumi ya aina moja. Anapata mishale kumi ya pinde kumi.

Kuhusu ile mitatu ya kulia, tulitumia chaki. Nikasaga kipande cha chaki ya bluu, nikaupaka mshikio ubavuni kwa kidole chenye mafuta kidogo, kijana akapiga namba 8. Tukauendea. Mstari wa bluu ulikuwa kwenye ubavu wa wano, karibu na mkia, mbele kidogo ya manyoya, urefu wa kucha. Mkia ulikuwa umeupiga mshikio. Mshale mgumu mno hutoka ncha ikiwa kushoto na mkia ukiwa kulia, upande ulipo upinde. Mkia ukigonga mshikio, unarushwa kushoto, na ncha inageuzwa kulia. Basi mshale mgumu kuliko yote ukajifanya laini. Tukapiga namba 4 kwa chaki mpya, haukuwa na alama yoyote.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami nilipotea. Mtu anaona mshale unakwenda kulia, anasikia kwamba kulia ni ulaini, anatengeneza mwingine mgumu zaidi, na kila siku anazidi kuondoka kwenye jibu. Kabla ya kuamini upande mshale unakoangukia, sikiliza kama umegonga.

Tulianza na ngozi, peke yake. Nilisisitiza tubadilishe kitu kimoja kwa wakati, tupige, tuandike, ndipo tuguse kingine. Tukaing'oa ile ya mbuzi, tukabandika kipande cha ngozi ya kiatu cha zamani kisichofika hata milimita 1. Kundi la kushoto likasogea kuelekea katikati kwa karibu shubiri nzima, bila kugusa mshale hata mmoja. Kijana alitaka tuendelee, tuuchonge na mshikio wenyewe uwe mwembamba. Nikamkatalia. Upinde ule ulimchukua miezi mitatu. Wano linamchukua mchana mmoja. Unapotafuta pa kukwangua, anza na kile unachoweza kukitengeneza tena.

Kabla ya kukwangua, kila wano tulilipinda kwa mikono, kwa nguvu ya kutosha, huku tukisoma nyuzi za mti. Namba 3 ilikuwa na nyuzi zinazotoka nje ya ubavu katikati ya urefu wake, kwa mshazari, na ilipopindwa ikalia. Nikaivunja kwa goti papo hapo. Kijana aliumia, ilikuwa mishale yake. Lakini wano linalopasuka kwa mshazari wakati ugwe unasukuma huingiza kibanzi chenye ncha kwenye mkono ulioshika upinde, na hilo sitalivumilia karakanani kwangu.

Sita zilizobaki ngumu, yaani 1, 2, 5, 6, 8 na 10, tulizikwangua kwa kipande cha kioo na kumalizia na msasa, wano likizungushwa mapajani ndani ya kitambaa. Tulinyoa zaidi katikati, ambako kupinda ni kwingi, na kuuacha mkia na shingo ya chembe ziwe na nguvu. Tulilenga mzamo wa kati ya milimita 17.5 na 19. Upinde una ratili 42, lakini mshikio ni mpana na ugwe ni wa poliesta inayovutika, kwa hiyo mshale wake unapaswa kuwa chini ya 42. Namba 4 ilikuwa imeshatuonyesha kiasi gani.

Namba 8 ndiyo ninayoikumbuka. Ilikuwa ikienda kulia. Tukaikwangua mpaka mzamo wa milimita 12, kijana akaipiga, ikaenda kushoto, mbali kushoto. Akanigeukia na uso umebadilika: "Fundi, tumeiharibu." Nikamwambia hapana, sasa ndiyo kwanza inasema kweli. Haikugonga; sote tulisikia. Tukaendelea. Kwa mzamo wa 15 ilikuwa kushoto kwa upana wa kiganja. Kwa 17 ilikuwa vidole vitatu. Kwa 18 ikaingia katikati, kimya, na mdogo wake akapiga makofi mara moja kisha akajizuia.

Namba 9 hatukuikwangua. Nyuzi zake zilikuwa nzuri, ila unene ulikuwa umeshafika milimita 9.3 na sikutaka kuushusha zaidi; mti wenyewe ulikuwa mzito kuliko wenzake. Tukang'oa msumari wa inchi 3, wenye gramu 6 na nusu, tukachomeka kipande cha msumari wa inchi 4 chenye gramu 10. Uzito wa mbele husita zaidi ugwe unaposukuma, na wano hupinda zaidi bila kunyolewa. Ilisogea ikakaa pamoja na zile nyingine. Ilianguka chini kidogo, kwa kuwa imekuwa nzito, na kijana akaifunga uzi mwekundu mkiani ili aijue.

Kazi ya kushoto na kulia ilipokaribia kuisha, tulirudi kwenye juu na chini. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye fundo, mahali mshale unapolala. Manyoya yalikuwa yakimkata. Nikauliza alama ya kuwekea mshale kwenye ugwe iko wapi. Hakuwa nayo, alikuwa akikadiria kila mara. Tukaondoa manyoya kwenye mishale miwili ili tuone mshale unavyotoka kabla ya manyoya kuuficha, tukafunga uzi kwenye ugwe milimita 18 juu ya mstari unaotoka kwa pembe mraba na fundo la kidole. Kwa hatua 10, mishale mitupu iliingia guniani mkia ukiwa juu na ilianguka chini ya yenye manyoya: alama iko juu mno. Tukaishusha kidogo kidogo, mpaka 11, ikaingia imelala sawa. Ukishusha kupita hapo, mshale huanza kuudunda mkono na mkia hupanda tena, kwa hiyo ukiona mkia juu na kidole kinauma, usiendelee kushusha. Mkwaruzo wake haukuongezeka siku ile.

Jambo dogo lililotuibia nusu saa: saa sita mchana mishale yote ilianza kusogea kidogo kutoka mahali pake pa asubuhi. Ugwe ulikuwa umevutika. Asubuhi palikuwa na sentimita 16 kutoka mshikio mpaka ugwe, ngumi na dole gumba lililosimamishwa. Sasa zilikuwa 14. Akausokota ugwe mizunguko kumi na mbili, ukafupika, mishale ikarudi. Kila mtu mwenye ugwe wa uzi wa viatu apime ngumi yake kabla ya kulaumu chochote. Pia mishale miwili ilikuwa na manyoya yaliyochanganywa, moja la bawa la kulia na mawili ya kushoto, kwa hiyo haikuzunguka hewani. Aliyabadilisha nyumbani.

Ikabaki namba 7. Mzamo wake 18, unene wake wa kawaida, nyuzi zake safi, haikugonga, na bado ilikwenda kushoto kwa kiganja kizima, mara zote. Nilikuwa tayari kusema mti una mambo yake. Kijana ndiye aliyeichukua, akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akasema, "Fundi, hii haina duara."

Kalipa ikathibitisha: milimita 9.2 upande mmoja, 9.8 upande mwingine. Na mimi nilipoilaza kwenye misumari sikuangalia ni upande gani unaotazama juu. Kinachohusika ni ugumu wa wano kuelekea upinde, kwa hiyo ubavu unaoegemea mshikio ndio unaopaswa kutazama juu wakati wa kupima, na upande huo unaamuliwa na mkato wa kushikia ugwe. Mkato wenyewe alikuwa ameukata ipasavyo, ukikatiza mistari ya umri wa mti badala ya kuifuata, ili ugwe usilipasue wano, na mistari hiyo ikisimama kwa makali yake dhidi ya upinde. Tukailaza namba 7 upya kwa upande wake wa kweli. Ilizama milimita 15. Ratili 44, si 37.

Hatukuugusa mkato. Akaiweka mapajani, akaikwangua upande mnene tu, mikwaruzo ishirini kwa kioo, kisha akapima, kisha kumi, akapima, mpaka kalipa iliposoma 9.3 kwa 9.2 na rula ikasoma 18. Jua lilikuwa limeshavuka paa la jirani. Akasimama kwenye alama ya hatua 15, mdogo wake akarudi nyuma karibu na tangi, akainamisha kichwa kusikiliza. Ugwe ukalia peke yake. Namba 7 ikasimama guniani upana wa vidole viwili kutoka namba 8.